Popo Aliyenyang'anywa Mali

Hotuba niliyoitoa mbele ya wasomaji wa vibonzo, Nairobi

Wazazi wenzangu, vijana wangu wa chama cha vibonzo, na nyinyi mliosindikiza watoto mkaamua kubaki, hamjambo? Ahsanteni kwa kujaza viti Jumamosi asubuhi, saa ambayo wengi mngekuwa mnafua au mko njiani kwenda Gikomba.

Nimeombwa nizungumze kwa sababu ya ugomvi. Wiki 3 zilizopita vijana 2 wa chama hiki, waliokaa dawati moja tangu darasa la nne, walitoka ukumbini humu kila mmoja kivyake. Mmoja alikuwa ameleta toleo la kwanza la Absolute Batman, amelitunza ndani ya bahasha ya kaki kama cheti cha kuzaliwa. Mwenzake akalisoma lote amesimama, hakuketi hata mara moja. Alipofika mwisho akalirudisha mezani taratibu, akasema: "Huyu si Batman. Huyu ni mtu mwingine, wamemvika tu nguo zake." Hapo ndipo maneno yalipoanza, na hayajaisha hadi leo. Nimeyasikia kwenye ngazi za shule, nimeyasikia kwenye matatu, na juzi mzazi mmoja amenipigia simu kuniuliza huyo Bruce ni nani hasa, maana mwanawe amekataa kula kwa ajili yake.

Kwa hiyo nieleze kwanza, kwa ajili ya wazazi.

Batman tuliyemjua ni tajiri. Jina lake Bruce Wayne, kwao ni kwenye jumba kubwa nje ya jiji la Gotham, na ana mtumishi, Alfred, anayemlea tangu wazazi wake walipouawa na jambazi kichochoroni, yeye akiwa mtoto akitazama. Fedha za urithi ndizo zinazonunua gari, mavazi na mitambo ya pangoni. Oktoba 2024 kampuni ile ile inayommiliki, DC Comics, ilianza kumsimulia upya katika Absolute Batman, mwandishi akiwa Scott Snyder na mchoraji Nick Dragotta. Katika masimulizi haya Bruce hana urithi. Ana miaka 24, ni mhandisi, anafanya kazi kwa mshahara. Alfred ni jasusi wa Uingereza aliyetumwa Gotham kikazi. Harvey Dent, Oswald Cobblepot, Edward Nygma na Waylon Jones, watu ambao kwa miaka mingi tumewajua kama maadui wakubwa wa Batman, hapa ni marafiki zake wa utotoni, wanakaa naye usiku wakicheza karata. Utajiri wenyewe umehamia kwa Joker, adui yake mkuu. Na ile nembo ya popo kifuani inabanduliwa, inakuwa shoka.

Baba yake, Thomas Wayne, zamani alikuwa daktari. Sasa ni mwalimu wa shule. Anauawa kwa risasi kwenye bustani ya wanyama, siku aliyowapeleka wanafunzi kutembea, na mwanawe yumo kundini. Mama yake Bruce, Martha, yuko hai.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu kwa muda. Mimi ni mwalimu. Nimesimama mara nyingi kwenye lango la kituo cha wanyama yatima pale Barabara ya Lang'ata, jua la saa nne utosini, nikihesabu vichwa vya watoto 43, nahesabu tena, nagusa kila bega kwa kidole kwa sababu macho peke yake siyaamini. Najua uzito wa ile hesabu. Na jiji hili linaikumbuka Septemba 2013, pale duka kubwa la Westgate liliposhambuliwa na magaidi, watu walipokuwa wametoka na watoto wao kwenda kununua vitu. Aliyemtunga Batman mwaka 1939 alitafuta woga mkubwa wa mtu wa mjini wa wakati ule, akamkuta mwizi mwenye bastola kwenye kichochoro chenye giza. Anayemtunga leo ametafuta woga wetu, akaukuta mchana kweupe, mahali penye watoto.

Basi nimeshasema nimesimama wapi. Niko upande wa kitabu kipya. Hata hivyo sikuja kumwaibisha yule aliyekirudisha mezani, kwa sababu hoja yake nimeichukua nyumbani, nimelala nayo, na ni hoja nzito kuliko wengi wenu mlivyompa nafasi aieleze. Nilimwita baada ya kipindi akaniambia hivi: "Mwalimu, Bruce Wayne angeweza kulala. Ana kitanda, ana pesa, ana kila kitu, hakuna anayemdai. Lakini anaamka usiku anatoka. Ukimwondolea mali umemwondolea kile alichokiacha. Maskini anapigana kwa sababu hana pa kwenda. Batman anapigana ilhali anapo."

Sikuwa na jibu siku ile. Nilipanda matatu nikakaa dirishani, na jibu likaja tulipokuwa tumekwama kwenye foleni Jogoo Road, likaja kwa sura ya mtu niliyekuwa sijamfikiria kwa miaka.

Nilipoanza kufundisha nilipanga chumba Mukuru, kwenye ploti ya mabati yenye milango 14 inayotazamana. Usiku mmoja moto ulizuka chumba cha tatu kutoka changu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli nje, kwa sababu mama mwenye chumba alikuwa zamu ya usiku kiwandani na hakuwa na wa kumwachia watoto wake 2. Gari la zimamoto lisingeweza kuingia. Kile kichochoro hata mkokoteni ulikipita kwa kubembelezwa. Tulikuwa tukipiga kelele na kumwaga maji ya ndoo, maji yenyewe ya kununua. Ndipo akatoka jirani yetu, fundi wa mjengo, mtu mkimya ambaye sikumbuki kama tuliwahi kuzungumza zaidi ya salamu. Mkononi alikuwa na mtalimbo. Hakugusa kufuli. Alizunguka ubavuni, akapachika ncha ya mtalimbo pale bati linapopigiliwa kwenye mbao, akalivuta mara moja, mara mbili, misumari ikalia, bati likafunguka kama kifuniko cha mkebe. Aliingia amejifunika blanketi lililolowa. Watoto wale wako hai.

Ninachokikumbuka kuliko moto ni asubuhi yake. Nilimkuta ameketi mlangoni kwake, viganja vimefungwa vitambaa, anaukwangua masizi ule mtalimbo kwa kisu cha jikoni. Nikamwambia apumzike. Akaniambia mtalimbo ni wa kontrakta, unatakiwa mjengoni saa moja, na ukionekana umeungua atakatwa.

Kijana wangu, yule naye angeweza kulala. Alikuwa na godoro lake, na ukuta kati yake na moto. Wengine katika ploti ile walibeba redio na vyeti vyao wakakimbia, na sisemi walikosea. Alikuwa na kidogo cha kupoteza, lakini kile kidogo kilikuwa chake chote: mikono yake, kibarua chake, chombo cha watu. Alikiweka mbele akaingia. Ukiniuliza nani kaacha kikubwa zaidi, tajiri anayetoka kitandani akiwa na gari lisilopenywa na risasi, au fundi anayetoka akiwa na mtalimbo wa kuazima, mimi najua nitakachojibu. Ndiyo maana lile shoka, chombo cha kuvunjia mlango, halikunishangaza mkononi mwa mhandisi. Nilishaona kinachofanana nalo.

Sasa wako wanaokubali haya yote na bado wamenuna. Wanasema, sawa, hadithi ni nzuri, ila mngempa jina jingine. Mtungeni shujaa wenu mpya, mtuachie wetu alivyo.

Alivyo lini? Hilo ndilo swali ninalotaka mlibebe. Batman alitokea mara ya kwanza kwenye Detective Comics nambari 27, mwaka 1939, akitungwa na Bob Kane na Bill Finger. Katika hadithi ile ya kwanza hakuna wazazi waliouawa. Kisa cha wazazi kililetwa miezi 6 baadaye, kwenye nambari 33. Siku zile za mwanzo Batman alibeba bastola na watu walikufa mikononi mwake. Sharti la kutoua, ambalo leo mashabiki wanalilinda kama amri ya kumi na moja, aliwekewa na wahariri baadaye. Robin, kijana msaidizi wake, alikuja 1940. Alfred alikuja 1943. Lile pango lilipata umaarufu kutokana na filamu ya mfululizo ya mwaka huo huo wa 1943. Hata Superman mwanzoni alikuwa akiruka kama panzi, hapai, na kriptonaiti inayomlegeza ilianzia redioni kabla ya kuingia kwenye vitabu. Kwa hiyo yule Batman wa asili mnayemtetea amejengwa chumba baada ya chumba, kila fundi akaongeza wake, na nyinyi mmezaliwa mkaikuta nyumba imekamilika mkadhani iliota.

Sisi watu wa lugha hii tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili, kwa sababu tuna Liyongo. Muhammad Kijuma wa Lamu alipomwandikia Fumo Liyongo utenzi mwaka 1913, shujaa huyo alikuwa ameshasimuliwa vizazi kwa vizazi. Aliyemuua ni nani? Mimi nimesikia akiitwa mwanawe, na nimesikia akiitwa mpwa wake. Sijasikia msikilizaji akiondoka barazani kwa ajili hiyo. Lakini jaribu kumsimulia Liyongo aliyeuawa kwa mshale wa mgongoni uone kama hutakatizwa kabla hujameza mate. Sindano ya shaba iliyomuua haiondoki. Kitovu ilipochomwa hakiondoki. Kusalitiwa na damu yake mwenyewe hakuondoki. Na mkate wa wishwa, ule ambao mama yake alimpelekea gerezani kwa mkono wa kijakazi Saada, huku tupa ya kukatia pingu imefichwa ndani, msimulizi akiusahau, watoto wenyewe watamkumbusha. Nimefundisha kisa hiki miaka mingi, na kila mwaka ninapofika pale walinzi wanapojichagulia mikate ya unga mzuri na kumtupia mfungwa ule wa wishwa, darasa linatulia kimya. Wote wameshaelewa. Hakuna mtoto wa Nairobi anayehitaji kuelezwa kwamba kitu cha maana hupitishwa ndani ya kile ambacho wenye nguvu hawakitaki.

Kila shujaa ana sindano yake, kitu ambacho ukikitoa amekufa kweli. Kazi ya shabiki ni kuitafuta. Kwa Batman mimi nimeitafuta kama ifuatavyo. Nilichukua karatasi nikaandika kila nilichojua juu yake, nikaanza kufuta. Nikafuta jumba. Nikafuta gari. Nikafuta Robin, nikafuta pango, nikafuta mali. Nilipofika kwa yule mtoto anayetazama mzazi wake akifa, kisha akakua na kuamua kwamba asiruhusu mtoto mwingine aone hayo, kalamu ilikataa. Sasa fungua Absolute Batman. Mtoto yumo. Uamuzi umo. Tena Snyder si mpita njia: alianza kumwandika Batman wa kawaida mwaka 2011 akamwandika kwa miaka. Aliyetoboa ukuta ni mtu aliyeishi ndani ya nyumba, anajua nguzo iko wapi.

Sikipendi kila kitu kilichomo. Ukatili wake unanitia wasiwasi, na wazazi, naomba muangalie umri wa mtoto kabla ya kumkabidhi. Kuna kurasa ambamo mifupa inavunjwa kwa namna ambayo msomaji anaalikwa kuifurahia, na mwili wa Bruce umechorwa mkubwa mno, kana kwamba mali iliyoondolewa imebadilishwa misuli. Hapo nadhani waliogopa. Walimvua pesa, wakaona aibu kumwacha na ukubwa wa mtu wa kawaida. Fundi wa mjengo wa Mukuru alikuwa mwembamba.

Na kuna manung'uniko mengine ningependa mashabiki wayapaze kwa sauti ile ile wanayotumia kupinga gauni na rangi za mashujaa. Bill Finger, aliyefanya kazi kubwa katika kumbuni Batman, alifariki 1974 bila jina lake kutambuliwa rasmi. Lilianza kuandikwa kama mbunifu pamoja na Kane mwaka 2015. Vijana 2 waliomtunga Superman, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliuza haki zake mwaka 1938 kwa dola 130. Mnapigania shujaa asibadilishwe suruali, na waliomshona walilala njaa. Wachoraji wa hapa kwetu mnaonisikiliza, someni mkataba kabla ya kutia sahihi. Someni mara mbili, kisha mpelekeeni mtu mwingine asome.

Nimeliacha la mwisho kwa sababu ndilo lililo karibu nami zaidi.

Muhula uliopita nilikipa chama zoezi: chukua shujaa unayemjua tangu nyumbani, umsimulie upya kwa picha. Msichana mmoja wa kidato cha tatu akamchagua Lwanda Magere. Mnamjua, shujaa wa Wajaluo ambaye mkuki haukumwingia, kwa sababu uhai wake ulikuwa kwenye kivuli chake. Adui wakampelekea bibi arusi kutoka kwao, akaigundua siri, akawapelekea habari, na Lwanda akachomwa kivulini akageuka jiwe, jiwe linaloonyeshwa hadi leo upande wa Kano. Katika miaka ya 1980 watoto wa Kenya walimsoma kwenye Pichadithi, mfululizo wa vibonzo wa Terry Hirst. Sasa msichana huyu, Lwanda kwake yuko nyuma, mgonjwa, amelala. Aliyewekwa mbele ni mke. Visanduku 12, na katika 9 mke hasemi neno. Kisanduku nisichoweza kukisahau kinaonyesha mkono wake tu, umeshika wembe, na sakafuni kivuli cha mume kinavuja damu mahali alipokichanja, huku taa ikiwa imewekwa chini ili kivuli kirefuke. Ile taa hakufundishwa na mtu. Aliifikiria mwenyewe.

Mvulana mmoja ambaye kwao ni Nyando akasimama, amekasirika kweli, machozi karibu: "Umemfanya msaliti kuwa shujaa." Msichana akamjibu bila kuinua sauti: "Sijamfanya shujaa. Nimemfanya mtu aliye mbali na kwao." Mvulana alikaa. Baada ya dakika kadhaa akaomba kuiona tena ile karatasi, akaishika kwa pembe mbili asiichafue, na akauliza kama anaweza kuongeza kisanduku cha 13. Walibishana juu ya kisanduku hicho hadi mlinzi akaja kufunga lango. Huo ndio ubishi ninaoutaka kwenye chama hiki, wa watu walioshika penseli.

Mimi mwenyewe niliingia katika mambo haya kwa kitabu kisicho na mwisho. Kaka yangu alikinunua kwa mchuuzi wa vitabu vya zamani, kando ya barabara ya Tom Mboya, shilingi 10. Kilikuwa Batman, jalada limeng'oka, pini zimeshika kutu, na karatasi 2 za mwisho hazikuwamo. Hatukujua mpaka tulipofika pale. Batman ananing'inia juu ya tangi la maji, kamba inakatika uzi baada ya uzi, unafungua ukurasa, hakuna ukurasa. Nililia. Kaka yangu, aliyekuwa na miaka 12, akazima taa ya chemni ili tuhifadhi mafuta, akaanza kunimalizia gizani. Usiku ule Batman aliokolewa na makanga wa matatu namba 9, aliyekuwa akining'inia mlangoni kwa mkono mmoja, akamdaka kwa mkono wa pili na kumvuta ndani, kisha akamdai nauli. Usiku uliofuata kamba ilikatika, akaanguka ndani ya tangi, akakuta ni bwawa wanamofichwa watoto waliopotea. Kila usiku mwisho wake. Nilipokuwa mtu mzima nikakitafuta kile kitabu kizima, nikakipata, nikasoma karatasi 2 nilizozikosa. Alikuwa na kifaa kwenye mkanda. Alikibonyeza akapanda juu. Basi.

Kile cha barabarani, kisicho na mwisho, ninacho hadi leo. Ndicho hiki hapa mezani, ndani ya karatasi ya nailoni, mnaweza kukishika mkiwa mmenawa mikono. Nimetoa nakala za ukurasa wenye kamba, ziko 60, na chini ya kila moja nimeacha visanduku vitupu 4. Nimewaona nyote wawili mmekuja, mmoja safu ya mbele, mwingine kule kando ya dirisha. Penseli zimo kwenye kikombe. Zilizochongwa ni chache, kwa hiyo itabidi mketi karibu mpokezane.